Savannah au Mobile: Kuchagua Mji wa Bandari Kusini mwa Marekani

Baridi inapoanza kuuma huko Maine, Minnesota na Iowa, mazungumzo ya Waafrika Mashariki na Wakongomani walioko Marekani huanza kuelekea kusini. Wengi hutaja Atlanta au Houston kwa sababu ndiko jamaa zao walikotangulia. Ni wachache wanaoifikiria miji ya bandari ya ukubwa wa kadiri, ambamo mtu anaweza kupata kazi ya kiwandani, ya ghalani au ya hospitali bila kumezwa na jiji. Miwili kati ya hiyo inastahili kuwekwa bega kwa bega: Savannah katika jimbo la Georgia, iliyo kando ya mto wa jina hilohilo unaomwaga maji yake katika Atlantiki, na Mobile katika jimbo la Alabama, iliyo juu ya hori pana linalofunguka kwenye Ghuba ya Meksiko. (Jina la mji huu wa pili hutamkwa “Mobiil”, kwa kukaza mwishoni, ukilitamka kama simu ya mkononi, mwenyeji atakutambua papo hapo kuwa ni mgeni.) Nimefanya kazi katika yote miwili, wa kwanza nikivuta makasha kwa lori na wa pili nikichomelea vyuma, kwa hiyo nina upendeleo wangu, nao utaonekana.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, ambayo ningependa msomaji aishike kabla ya kuanza kulinganisha kodi za nyumba, ni ya aina ya kazi. Savannah inaishi kwa kupitisha bidhaa za watu wengine. Mobile nayo hupitisha shehena, lakini riziki ya watu wake wengi inatokana na vitu vinavyoundwa pembezoni mwa maji, yaani ndege, meli na chuma. Mtu anayejua kuendesha lori au fokolifti na mtu anayejua kuchomelea, wakihamia mji mmoja kwa ushauri mmoja, mmoja wao atakuwa amepotoshwa.

Kituo cha makasha cha Garden City, kilichoko juu kidogo ya mto kutoka katikati ya Savannah, ndicho kikubwa kuliko vyote Amerika Kaskazini vinavyoendeshwa na mwendeshaji mmoja, naye ni Mamlaka ya Bandari za Georgia. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2022 yalipita katika bandari ya Savannah makasha takriban milioni 5.76 kwa kipimo cha kasha la futi 20. Kwa msomaji aliyezoea kuitazama Mombasa, ambayo ilivuka makasha milioni 2 mwaka 2024, picha inajichora yenyewe. Mkondo wa mto ulimalizika kuchimbwa hadi kina cha futi 47 mwaka 2022, na tangu hapo meli kubwa hazitegemei sana maji kujaa kama zilivyoyategemea zamani. Mobile haifiki hata robo ya hapo: kituo chake cha makasha kilifunguliwa mwaka 2008 tu na mwaka 2022 kilipitisha zaidi kidogo ya nusu milioni, ingawa kwa makaa ya mawe, chuma na mazao ya misitu ni bandari nzito kweli.

Wingi huo wa makasha ndio unaoifanya Savannah iwe mlango mwepesi kwa anayeanza. Kuanzia Garden City hadi Port Wentworth, Pooler na Rincon, maghala yamejipanga kando ya barabara kama mabanda ya korosho msimu wa mavuno, na mengi huajiri kupitia wakala wa kazi za muda, kwa hiyo mtu anaweza kufika Jumatatu na kuanza kazi wiki hiyohiyo. Kuvuta makasha kwa lori kuna hesabu yake. Alfajiri, saa kumi na moja, foleni ya malori tayari imesimama mbele ya malango, taa nyekundu za nyuma zikiwa mstari mmoja, na dereva anajua kwamba halipwi kwa saa bali kwa kasha. Siku mashine zikienda vizuri atapeleka matatu au manne. Siku trela ya kubebea kasha ikikosekana, au aliyopewa ikiwa na tairi bovu, nusu ya siku inapotea na hakuna wa kuilipia. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa ikitukata pesa za mafuta na bima kwa mtindo ambao mpaka leo sijaweza kuueleza kwa mtu mwenye akili timamu. Soma mkataba wa umiliki wa lori mara mbili, na mara ya pili usome pamoja na mtu asiyeitakia kampuni hiyo heri.

Wapo wanaouliza kuhusu kazi ya gatini yenyewe, ya kupakia na kupakua meli. Katika miji yote miwili kazi hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa chama kimoja cha wafanyakazi, ILA, kile kilichogoma kwa siku tatu mwanzoni mwa Oktoba 2024 katika bandari za kuanzia Maine hadi Texas na kupata nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka sita. Ujira huo ni wa kweli, lakini mgeni asiupigie hesabu ya mwaka wa kwanza, kwa sababu kazi hugawanywa kwa ukongwe na mpya huokota makombo. Unachoweza kufanya mapema ni kuomba kitambulisho cha usalama wa bandari kiitwacho TWIC, ambacho hudumu miaka mitano na bila hicho huingii gatini peke yako, si Savannah wala Mobile. Wenye ukaazi wa kudumu wanakipata, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wanakipata pia, jambo ambalo wengi wetu hatulijui na waajiri wengine hawalijui vilevile.

Kwa madereva kuna tahadhari inayohusu majimbo yote mawili. Tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva wa lori anayesimamishwa barabarani na kuonekana kwamba Kiingereza chake hakimwezeshi kujibu maswali au kusoma alama za barabarani, huondolewa barabarani hapohapo. Kanuni za leseni za malori kwa wenye vibali vya muda nazo zimekazwa tangu mwaka huohuo, kwa hiyo mtu wa namna hiyo amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipia shule ya udereva, wala asimsikilize anayeuza nafasi za shule hiyo.

Tukivuka kwenda Mobile, mazungumzo hubadilika. Katika eneo la Brookley, lililokuwa kambi ya jeshi la anga hadi mwaka 1969, Airbus ilifungua kiwanda cha kuunganisha ndege za A320 mwaka 2015, ikaongeza A220 mwaka 2020, na mwaka 2025 ikafungua mstari wa pili wa A320. Ukingoni mwa mto iko Austal, inayounda meli za Jeshi la Wanamaji la Marekani, na kaskazini kabisa, huko Calvert, kuna kiwanda kikubwa cha chuma kilichoanza mwaka 2010. Mtu mwenye mkono wa kuchomelea, wa kufunga mabomba au wa umeme wa viwandani hapa ana thamani kabla hajafungua mdomo: anapewa vipande viwili vya bamba, kifaa na nusu saa, kisha msimamizi anautazama mshono wake kwa tochi. Nilipofanyiwa jaribio hilo sikuulizwa nimetoka wapi wala lafudhi yangu ni ya nani. Asiyejua kazi ana pa kuanzia pia, kwa sababu jimbo la Alabama lina taasisi ya mafunzo iitwayo AIDT, yenye kituo cha ufundi wa meli mjini Mobile, ambayo huwafundisha watu bila ada kwa ajili ya viwanda vinavyoajiri.

Kuna ukuta mmoja, nao ni uraia. Kwa sheria za zana za kijeshi, mwenye ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi huhesabiwa pamoja na raia katika mambo mengi, lakini nafasi zinazohitaji kibali cha siri za serikali hutolewa kwa raia pekee. Uliza hilo katika simu ya kwanza. Usisubiri uambiwe baada ya kuhamisha familia.

Savannah nayo ina viwanda, isidhaniwe ni malori matupu. Gulfstream hutengeneza ndege zake za watu binafsi hapo na ndiyo mwajiri mkubwa wa viwandani, na magharibi mwa mji, huko Ellabell, Hyundai ilifungua rasmi kiwanda cha magari ya umeme mwezi Machi 2025. Hata hivyo mwaka huohuo ulionyesha upande wa pili. Mapema Septemba maofisa wa uhamiaji walivamia eneo la kiwanda cha betri kilichokuwa kikijengwa pembeni ya Hyundai na kuwakamata watu takriban 475, wengi wao Wakorea, na mwisho wa mwezi huo viwanda vya karatasi vya International Paper vya Savannah na Riceboro vikafungwa, ajira zipatazo 1,100 zikaenda navyo. Mji unaokua haraka huajiri haraka na hufukuza haraka. Mobile imezoea mwendo wa taratibu, na kwa mtu mwenye watoto shuleni huo si ubaya.

Kwa upande wa fedha, kima cha chini cha mshahara ni kilekile cha taifa, dola 7.25 kwa saa, kwa kuwa Alabama haina sheria yake na ya Georgia iko chini ya hapo, ingawa mwenye akili hafanyi kazi kwa kiwango hicho katika mji wowote kati ya hii. Kodi ya mapato haitofautiani sana: Georgia hutoza kiwango kimoja, asilimia 5.19 kwa mwaka 2025, na Alabama hupanda hadi asilimia 5. Tofauti inaonekana dukani. Kodi ya mauzo mjini Mobile ni asilimia 10 kwa jumla, ilhali Savannah ni 7; tena Georgia haitozi chakula kodi ya jimbo, bali ile ya kaunti tu, wakati Alabama, hata baada ya kuipunguza hadi asilimia 2 kuanzia Septemba 2025, bado inaitoza. Familia ya watu sita inayopika kila siku itaihisi.

Lakini Mobile hulipa deni hilo kwa nyumba. Savannah ina wanafunzi wa chuo kikubwa cha sanaa, wanajeshi wa Fort Stewart na Hunter, wafanyakazi wa viwanda vipya na watalii wanaofuata viwanja 22 vilivyobaki kati ya 24 vya zamani, kivuli cha mialoni na mawe ya River Street yaliyoletwa na meli kama uzito wa kutulizia chombo. Wote hao wanagombania paa, na wenye nyumba wanajua. Wafanyakazi wa maghala wengi hawaishi mjini hata kidogo, bali huko Pooler na Rincon, katika nyumba mpya zinazofanana kama vikombe vya seti moja. Mobile ina watu zaidi, kwani sensa ya 2020 ilihesabu 187,041 dhidi ya 147,780 wa Savannah, na mwaka 2023 wakazi wa vitongoji kadhaa walipiga kura ya kuingizwa mjini, idadi ikavuka 200,000. Ila imetawanyika, haina msongamano wa watalii isipokuwa siku za kanivali ya Mardi Gras, ambayo wenyeji watakuambia ni ya zamani kuliko ya New Orleans, na kodi ya ardhi na majengo ya Alabama ni miongoni mwa ndogo kabisa nchini. Wenzangu wawili wa karakana walinunua nyumba ndani ya miaka minne. Huko Savannah sikumjua dereva hata mmoja aliyefanya hivyo bila mke au mume mwenye mshahara wa hospitali.

Na mshahara wa hospitali ndio usioathiriwa sana na uchaguzi huu. Majimbo yote mawili yamo katika mkataba wa leseni za wauguzi, kwa hiyo muuguzi mwenye leseni ya majimbo mengi anaweza kufanya kazi kokote kati ya hayo bila kuanza upya, na hospitali kubwa zipo pande zote mbili. Kwa anayehitaji kutibiwa, hali si nzuri popote: Alabama haijapanua bima ya Medicaid kwa watu wazima wenye kipato kidogo, na Georgia tangu Julai 2023 ina mpango mwembamba unaodai saa 80 za kazi au masomo kila mwezi.

Kwa wazazi, naona Georgia inashinda waziwazi. Tangu mwaka 1993 bahati nasibu ya jimbo inalipia mpango wa HOPE, ambao humsomesha katika vyuo vya umma mwanafunzi mkazi aliyehitimu sekondari na wastani wa B, na fedha hizohizo hugharimia shule ya awali ya bure kwa watoto wa miaka minne. Ziko pia ruzuku za masomo ya ufundi kwa watu wazima. Alabama haina hata hiyo bahati nasibu. Wapiga kura waliikataa mwaka 1999, makanisa yakiwa mstari wa mbele. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kamari, lakini mwenye watoto watatu wanaokaribia chuo apige hesabu kwanza, maoni yafuate.

Lugha na chakula navyo si mambo madogo. Kutoka Savannah hadi Atlanta ni kilomita 400 hivi, na kitongojini huko kuna Clarkston, mji mdogo wa wakimbizi ambamo Kiswahili cha Kongo na Burundi husikika madukani. Ukiondoka Jumamosi asubuhi unarudi Jumapili jioni na unga, dagaa na mihogo. Kutoka Mobile safari hiyo ni zaidi ya kilomita 500, ingawa New Orleans iko saa mbili tu, na tangu tarehe 18 Agosti 2025 treni ya abiria inakwenda huko mara mbili kwa siku. Upweke wa lugha ni mkali zaidi Mobile, siufichi. Kinachoupunguza ni bahari. Bayou La Batre, kusini mwa mji, ni kijiji cha wavuvi wa kamba ambapo familia nyingi zilitoka Vietnam, Laos na Kambodia, na usiku fulani wa kiangazi, hewa ya oksijeni inapopungua chini ya maji, kaa na samaki wa hori la Mobile hukimbilia ukingo wake wa mashariki kwa wingi wa kuokotwa kwa kikapu. Bamia ziko kila mahali, tena mchuzi wao mashuhuri, gumbo, umechukua jina lake kwenye lugha za Kibantu za Angola.

Kuna sehemu moja ya Mobile ambayo mtu wetu hawezi kuipita bila kusimama. Barabara kuu ya I-10 hupita chini ya mto kwa handaki lililofunguliwa mwaka 1973, na lori lenye shehena ya hatari haliruhusiwi kuingia humo. Alama hulikunja mapema na kulipeleka kwenye daraja la Cochrane–Africatown. Africatown yenyewe ilianzishwa na watu walioletwa utumwani kutoka Dahomey (Benin ya leo) mwaka 1860 kwa meli Clotilda, zaidi ya miaka 50 baada ya kuingiza watumwa nchini kupigwa marufuku. Mabaki ya meli yalithibitishwa mwaka 2019. Basi kemikali zisizofaa kupita chini ya mji hupita juu ya wajukuu wa watu hao. Savannah nayo ina makaburi yake ya namna hiyo, lakini imejifunza kuyauzia tiketi.

Hali ya hewa itawachosha watu wa bara, si wa pwani. Savannah hupata mvua karibu sawa na Dar es Salaam, ila Mobile hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka na hutajwa mara nyingi kuwa mji wa mvua nyingi kuliko yote ya Marekani bara. Viatu vya ngozi ukiviacha kabatini mwezi mmoja vinavaa manyoya ya kuvu. Vimbunga viko pande zote. Mwaka 2016, Matthew ilipokaribia Savannah, barabara ya I-16 iligeuzwa njia moja kuelekea bara, na mwaka 2024 Helene ilikata umeme sehemu kubwa ya mji na viunga vyake. Mobile ilipigwa na Frederic mwaka 1979, maji ya Katrina yakaingia katikati ya mji mwaka 2005, na Sally ikaja mwaka 2020. Kwa macho yangu Mobile iko hatarini zaidi, na bima za nyumba za pwani zinasema hivyo kwa bei.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, iwe ni kupanga au kununua, chukua anwani ya nyumba uitazame kwenye ramani ya mafuriko ya serikali, umwulize jirani, si wakala, maji yalifika wapi mara ya mwisho. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ile ya taifa ya mafuriko huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa, hivyo anayekimbilia kuilipia baada ya kimbunga kuonekana kwenye ramani ya televisheni atakuwa amenunua ulinzi wa kimbunga kinachofuata.